Nyuki Ukweni

Madume ndio waliotangulia kufukuzwa. Benta aliwakuta asubuhi, wanene, macho makubwa, wakiburutwa kwa mbawa mpaka mlangoni mwa mzinga na kusukumwa nje kama walevi wanaotolewa kilabuni. Wakijaribu kurudi, walisukumwa tena. Chini, kwenye vumbi, sisimizi walikuwa wameshafika kuwachukua.

"Baba Emma, njoo uone," aliita. "Wanafukuza waume zao."

Caleb alikuja kamba za viatu zikiburuta. Aliinama, akatazama. Akaushika mzinga kwa upande mmoja na kuuinua kidogo, kama mtu anavyopima gunia la mahindi kabla hajalinunua. Ulikuwa mwepesi. Akaenda kwa uliofuata, na uliofuata huo. Yote ilikuwa miepesi. Wa mwisho hakuuinua, kwa sababu nyuki wake walikuwa wamehama jana yake, wakaacha masega makavu yaliyokuwa yakitafunwa na nondo.

"Wakifukuza madume, chakula kimekwisha," alisema. "Wanapunguza midomo."

"Nilikuambia Desemba."

"Najua uliniambia."

Desemba upepo ulikuwa umeng'oa mabati upande mmoja wa nyumba yao, hapo Rangwe, mwendo mfupi kutoka misheni ya Asumbi. Ili kununua mabati mapya kabla ya mvua, Caleb alivuna kila sega lililokuwa na asali, hata yale ya pembeni ambayo kila mfugaji anajua ni ya nyuki wenyewe. Mabati yalipigiliwa. Mvua haikuja. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, maua ya porini yakapukutika, na sasa mizinga ile, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba mwaka mzima, ilikuwa inataka kulishwa.

"Tukiwaacha hivi?" Benta aliuliza.

"Watahama wote. Nyuki wetu si watu wa kukaa wafe. Wataamka asubuhi moja waende, na hawatarudi."

Benta alifunga kanga vizuri kiunoni. "Basi ngoja niende kwa Edinah."

*

Edinah alikuwa Mkisii, Msabato, mwenye duka lililokuwa na kila kitu sokoni Rangwe, na sauti iliyofika mpaka stendi ya bodaboda. Benta alingoja wateja wapungue. Hawakupungua. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini kiasi cha sukari alichotaka.

"Pole sana, Mama Emma," Edinah alisema. "Nani ameaga?"

"Hakuna aliyeaga."

"Basi mna harusi! Na hamjatuambia."

"Hatuna harusi." Benta aliangalia mizani. "Ni ya nyuki."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua nyanya aliacha kuchagua. Kijana wa bodaboda akacheka puani.

"Ya nyuki," Edinah alirudia. "Na nyinyi nyumbani mnakunywa chai na nini?"

"Ya rangi tu. Bila."

"Yawa!" alishangaa mwanamke wa nyanya.

Edinah alipima sukari taratibu, kijiko baada ya kijiko. Hakuwa mtu mbaya. Alipofunga mfuko, aliinama juu ya kaunta akadhani amepunguza sauti. "Mimi nitakupa, utalipa ukipata. Lakini asali yenu msiniletee dukani mwaka huu. Watu watasema ni sukari yangu nawauzia mara ya pili."

"Sukari hii ni ya kuwavusha tu," Benta alisema. "Maua yakirudi ndipo wanatengeneza asali. Hatuvuni hii."

"Najua, mama. Wewe unajua na mimi najua. Lakini hao nje?"

Benta alibeba mfuko juu ya kichwa, akapita mbele ya bodaboda bila kugeuka. Maneno ya sukari kuuzwa mara mbili yalimfuata mpaka nyumbani, na alipofika hakumweleza mume wake.

*

Kwa siku chache mambo yalionekana kutulia. Jua likizama na nyuki wakiisha kurudi, Benta aliyeyusha sukari katika maji ya vuguvugu, akamimina kwenye visahani na kulaza vijiti juu yake ili nyuki wasizame, na Caleb akaviingiza mizingani kupitia juu. Asubuhi visahani vilikuwa vimelambwa vikavu. Lakini mizinga haikuongezeka uzito. Malkia hawakuanza kutaga. Ilikuwa ni kuwachelewesha tu.

Caleb hakuweza kukaa. Angekula tonge mbili, ainuke aende kwenye mizinga, arudi, akae, ainuke tena. Benta alimwambia anawachosha nyuki kwa kuwatazama.

Mchana mmoja Benta akiwa ameenda kuchota maji, Caleb alifanya jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwakataza wengine. Alichanganya sukari yote iliyobaki kwenye beseni, akaliweka wazi katikati ya mizinga. Alijiambia kwamba wakishiba mara moja, wote kwa pamoja, watapata nguvu ya kwenda mbali kutafuta. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka kungoja jioni.

Kufumba na kufumbua beseni lilikuwa jeusi kwa nyuki. Lilipokauka, hawakurudi kwao. Waligeukiana. Wa mizinga yenye nguvu waliingia kwa wanyonge kupora kilichobaki, na mbele ya kila mlango pakawa na vita, nyuki wameshikana wawili wawili wakibiringika mavumbini. Caleb alikimbia na moshi, akaziba milango kwa majani, akamwaga maji. Aliyekuwa wa kufa alikufa. Wengine, hasira ikiwa imewapanda, waliruka ua hadi kwa Obare, kaka yake mkubwa, aliyekuwa ameketi nje ya ghala lake akila chakula cha mchana.

Obare alikuja jioni, jicho moja limefumba na mdomo wa juu umemvimba.

"Caleb, nyuki wako wamenifukuza kwenye sahani yangu mwenyewe."

"Ni njaa, ndugu yangu."

"Njaa yao au yako? Mtu mzima anamwaga sukari nje wakati watu hawana ya chai." Obare aligusa mdomo wake. "Wahamishe. Nikiona nyuki mwingine kwangu, nakuja na mafuta ya taa. Sitasema tena."

Alipoondoka, Benta aliingia jikoni akachungulia mfuko. "Ile yote?"

"Yote."

Alikunja mfuko mtupu mara mbili, mara tatu, mpaka ukawa mdogo kama kiganja. "Mimi kwa Edinah sirudi," alisema. "Utaenda wewe usimame pale mbele ya watu."

*

Emmaculate, binti yao, alikuwa na kawaida ya kupiga simu Jumapili baada ya misa. Simu ikilia, Caleb alikumbuka kazi ya nje. Ilikuwa hivyo tangu msichana alipoondoka na Motari, kijana Mkuria aliyekutana naye mjini Migori, wakaenda kuishi kwa baba yake kijana, Mzee Ryoba, juu huko karibu na Kehancha. Ryoba alituma neno kwamba ng'ombe wa mahari wangekuja. Hawakuja. Sasa kulikuwa na mtoto, Robi, ameanza kutembea, na Caleb hakuwa amemwona. Obare hakuacha kukumbusha kwamba kwa desturi mtoto wa mahari isiyolipwa ni wa kwa babu yake mzaa mama. "Siku moja tutaenda kumchukua," alikuwa akisema, "ndipo hao watajua ng'ombe ni ng'ombe."

Jumapili hiyo Caleb hakwenda mbali. Alisimama kando ya mlango.

"Huko kwenu mvua iko?" Benta alikuwa akiuliza.

"Iko, mama, haikukatika. Shamba la baba yake Motari limekuwa njano tupu."

"Njano ya nini?"

"Alizeti. Na avokado zimechanua. Huku nyuki wa porini wanapiga kelele mpaka mtoto anaogopa."

Benta alikata simu, akakaa akimtazama mume wake. Caleb ndiye aliyejibu.

"Hapana."

"Sijasema kitu."

"Nimekuona. Hapana. Mzazi wa msichana hakanyagi kwa mkwe kabla ng'ombe hawajakanyaga kwake. Niende pale kama nani? Mtu hajaniletea hata kwato moja, nimbembeleze anipe maua?"

"Maua si yake. Ni ya Mungu."

"Yamesimama kwenye shamba lake."

"Basi kaa hapa na heshima yako," Benta alisema, "uhesabu mizinga mitupu. Tena ukimaliza, uende kwa Edinah."

Hawakusemezana siku hiyo wala kesho yake. Siku iliyofuata, jua likiwa limepanda kidogo, Caleb alisikia mlio anaoujua. Mzinga wa karibu na choo ulikuwa unamwagika. Nyuki walitoka kama maji yanayofurika, wakazunguka juu ya kiwanja, wakawa wingu. Alichukua sufuria na mwiko akaanza kugonga, akachota mchanga akarusha, akawakimbilia kupita shamba lake, kupita la jirani, mpaka bondeni, suruali ikinaswa na miiba. Wingu halikutua. Lilikwenda upande wa ziwa likapungua, likawa doa, likapotea.

Alirudi akihema, sufuria mkononi. Benta alikuwa kwenye mlango wa jikoni.

"Mpigie Levi," alisema. "Muulize pickup iko kazi gani kesho."

*

Levi alikuwa akibeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka Mbita, na gari lake halikuacha kunuka hata lilipooshwa. Caleb alimwaga maji na majivu nyuma, akasugua, akaosha tena, akihofia nyuki wangechukizwa na harufu. Levi alisimama mbali, mikono mfukoni.

"Mzee, hao wakitoka njiani mimi naacha gari naruka."

"Hawatatoka. Nimeweka wavu."

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo kuhusu breki."

Giza lilipoanza kuingia na nyuki wote wakiwa ndani, waliziba milango kwa wavu, wakafunga mizinga kwa mipira ya baiskeli, wakaibeba mmoja mmoja, Caleb mbele, Benta nyuma. Ilikuwa saba, mingine miepesi mno mpaka Benta aliogopa kwamba wanabeba mbao tu. Aliweka sikio. Ndani kulikuwa na sauti, nyembamba.

Obare alikuwa njiani walipotoka, tochi mkononi. Alimulika mizinga, akamulika nguo safi ya Benta.

"Kwa Wakuria," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Ulisema niwahamishe."

"Sikusema uwapeleke ukweni." Alikaribia dirisha. "Basi sikia. Usile kitu kule. Hata maji usinywe. Ukila, umekubali kwamba hakuna deni. Na kama unapitia huko, rudi na mtoto."

Caleb alimwambia Levi aendeshe.

Walilala Migori mjini ndani ya gari, kwenye kituo cha mafuta, kwa sababu Levi alikataa barabara ya juu gizani. Caleb alishuka mara nyingi kunyunyizia wavu maji. Kabla hapajapambazuka vizuri walikuwa wanapanda kuelekea Kehancha, na hewa ikabadilika, ikawa na ubichi. Benta aliona kwanza. Hakumwonyesha mume wake, alimgusa tu goti. Chini ya barabara, mpaka kwenye mawe ya kilima, alizeti zilikuwa zimegeuzia nyuso upande ambao jua lingetokea.

*

Emmaculate alitoka mbio, mtoto mgongoni, akasimama ghafla alipomwona baba yake amebaki nje ya lango. Alikuwa amenenepa usoni. Alipiga magoti kidogo, kama alivyofundishwa.

"Baba. Karibu."

"Tumefika," Caleb alisema, akiangalia nguzo ya lango. "Mwenyewe yuko?"

Aliyejibu ni Boke, mke wa Ryoba, mwanamke mrefu aliyekuja akifuta mikono kwa sketi. Aliangalia pickup, akamwangalia Levi, akamvuta Emmaculate kwa mkono nyuma yake, yeye na mtoto.

"Mzee hayuko. Ameenda Sirare tangu jana," alisema kwa Kiswahili cha haraka. "Na Motari yuko kazini Isebania. Hakuna mwanaume hapa. Mambo ya ng'ombe mtakuja siku nyingine."

"Hatujaja na mambo ya ng'ombe," Benta alisema.

"Na mtoto amelala."

Mtoto alikuwa macho wazi juu ya bega la mama yake, akinyonya kidole. Hapo ndipo Benta alipoelewa kwa nini mwanamke yule amesimama amepanua miguu vile.

"Mama," alisema polepole, "hatujaja kuchukua mtu. Angalia nyuma ya gari. Ni nyuki. Kwetu hakuna ua hata moja, wanakufa. Tumeona alizeti zenu. Tunaomba pa kuwaweka mpaka mvua inyeshe kwetu, basi."

Boke alitazama mizinga kana kwamba ingeweza kuwa na askari ndani. "Mwenye shamba hayuko. Mimi siwezi kusema ndiyo."

"Mzee, jua hilo linakuja," Levi alisema. "Na mimi omena inaningoja Mbita. Niwashushie hapa barabarani?"

Ndani ya mizinga sauti ilikuwa imepanda. Wavu ulikuwa mweusi kwa nyuki wanaosukumana kutafuta hewa. Caleb alijua kwamba jua likiwapiga wakiwa wamefungwa, wangepikana wenyewe kwa joto lao. Alifungua mdomo kuomba. Kabla hajatamka neno, kutoka nyumba kubwa, mtu alikohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mzee, kirefu, kilichokuwa kimezuiliwa kwa muda. Wote walikisikia. Boke aliangalia chini. Emmaculate aliuma midomo.

Mlango ulifunguka na Ryoba akatoka, kofia kichwani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Nimerudi usiku," alisema.

"Karibu nyumbani," Caleb alijibu.

Ryoba alivaa kiatu cha pili akiwa amesimama, akiyumba. Alikuwa mzee kuliko Caleb alivyomfikiria. "Nilidhani umekuja na chifu," alisema. "Niliona gari, nikasema leo ni leo. Ugonjwa wa midomo na kwato ulipita hapa, mwenzangu. Wale waliobaki wamesimama pale. Waone mwenyewe, wengine huwezi hata kuwaita ng'ombe mbele ya wageni."

"Sikukuuliza ng'ombe."

"Hukuuliza. Lakini umekuja." Aliizunguka pickup, akarudi, na uso wake ulikuwa umepata hesabu. "Nyuki hawa watakula kwangu mpaka lini?"

"Mpaka mvua."

"Asali itakuwa ya nani?"

"Kwanza wapone. Ikipatikana tutagawana."

"Asali inaisha. Mimi nafikiria jambo lingine." Ryoba alikuna kidevu. "Mtu akilisha mifugo ya mwenzake, kwetu kuna shukrani. Mizinga saba. Tuseme, kwa mizinga hii, tupunguze ng'ombe wawili katika ile hesabu yetu. Unasemaje?"

Damu ilimpanda Caleb mpaka masikioni. "Unataka kumnunua binti yangu kwa maua?"

"Sijasema kununua. Nimesema kupunguza."

"Wawili! Kwa nyuki wa mwezi mmoja!"

"Basi mmoja."

"Levi, washa gari."

"Unawapeleka wapi?" Benta alipaza sauti. "Wapi, Baba Emma? Tanzania?"

Emmaculate alifungua kanga, akamshusha mtoto, akampa Boke. Alipita katikati ya wazee wawili bila kuomba njia, akapanda nyuma ya pickup akiwa miguu mitupu.

"Nimewasikia," alisema. Hakushusha sauti. "Nilikuwa ng'ombe, sasa nimekuwa nyuki. Mkimaliza kunipima mtaniambia nimefika ngapi. Mama, shika huku."

Benta alishika huku. Wanawake wawili waliushusha mzinga wa kwanza, wakavuka lango, wakapita kando ya zizi na kutokomea katikati ya alizeti. Boke alibaki na mtoto, akiwatazama wanaume. Kisha akamweka mtoto kiunoni, akasema neno moja la Kikuria kwa mume wake, neno fupi.

Ryoba alivua kofia, akaikunja mfukoni. "Upande gani wanashika?" alimuuliza Caleb.

"Chini. Usiinamishe."

*

Kufikia saa tatu mizinga yote ilikuwa imekaa juu ya mawe, ukingoni mwa shamba, na wavu umeondolewa. Mwanzoni nyuki walitoka wachache, wakaruka wakitazama milango yao, wakichora duara dogo, halafu kubwa. Baadaye walianza kurudi wamepakaa chavua miguuni. Ryoba alikuwa ameumwa mara tatu na alisimulia kila mara kama vita tofauti. Levi alikuwa amelala ndani ya gari, madirisha yamefungwa.

Emmaculate alileta maji ya kunawa, akaleta ugali wa mtama na mboga, na kuku ambaye Boke alikuwa amemchinja bila kumuuliza mtu. Caleb alinawa, kwa sababu kunawa si kula. Kisha akakaa na mikono yake inayotiririka maji, akaitazama sahani.

Benta alikuwa ameshamega. "Mboga hii mmeweka nini? Tamu," alimwambia Boke, naye Boke akacheka kwa mara ya kwanza.

Caleb hakusogea. Maneno ya Obare yalikuwa kichwani, na nyuma ya Obare, ukoo mzima. Mvuke wa ugali ulimpanda usoni. Mara ya mwisho alikuwa amekula jana asubuhi.

"Baba," Emmaculate alisema karibu na sikio lake, kwa Kijaluo, "nyuki wako wanakula tangu asubuhi. Hakuna aliyewauliza ng'ombe."

Caleb aliinua macho, akaona kwamba Ryoba pia hajagusa chakula. Mzee yule alikuwa amekaa wima, mikono magotini, akimeza mate. Mwenyeji hawezi kula kabla ya mgeni. Walitazamana hivyo, huku ugali ukipoa.

"Mwenzangu," Ryoba alisema hatimaye, "mimi nimejificha mle ndani tangu nilipoona taa za gari lako. Sikupata hata uji. Kama huli, sema, niende nikale jikoni."

Kitu kilimtoka Caleb kifuani ambacho alidhani ni kikohozi. Kilikuwa kicheko. Alijaribu kukizuia, kikamtoka tena, na machozi yakamlenga. Alimega tonge, akachovya. Ryoba alimega mara moja baada yake. Hawakuzungumza tena mpaka sahani ikabaki mifupa.

Kabla ya kuondoka, Caleb alimpeleka Emmaculate kwenye mizinga, akamwonyesha jinsi ya kuinua upande mmoja kusikia uzito, na pa kuweka maji. Mtoto aliwafuata, akaanguka, akainuka, akashika suruali ya babu yake ili asianguke tena. Caleb alisimama wima akiendelea kueleza mambo ya maji, akaogopa kusogeza mguu.

*

Mizinga miwili haikupona. Emmaculate alipiga simu kusema, na mara hii aliyepokea ni baba yake. Mvua ilichelewa kufika Rangwe. Ilipoanza, ilikuwa ya kudonoa, na Caleb akawa anatoka nje kila asubuhi kupekua udongo kwa kidole cha mguu. Obare hakuwa amevuka ua tangu aliposikia kwa Levi kwamba kuku aliliwa. Sokoni Edinah alimuuliza Benta kama ni kweli wamewapeleka nyuki kusoma shule ya bweni.

Ryoba alizoea kupiga jioni. Alipiga kusema maua yamepungua, kusema jirani anataka kunyunyizia dawa na amemwomba angoje nyuki walale, kusema ng'ombe mmoja amepata mimba, ingawa hilo la ng'ombe alilisema haraka na kuliruka.

Jioni moja Caleb alikuwa akitengeneza jembe nje, na Obare alikuwa upande wake wa ua akifunga mbuzi. Simu ikalia.

"Mkwe, kuna jambo," Ryoba alisema. Mtandao ulikuwa ukikatika. "Nyuki wa mzinga ule mkubwa wamezaana wakagawanyika. Nusu wametoka leo wakaingia kwenye ghala langu tupu. Wametulia. Wanajenga."

"Hiyo ni habari njema."

"Ndiyo, lakini naogopa." Ryoba alikohoa. "Mama yao ni wako. Hilo nalijua. Lakini wao wamezaliwa hapa kwangu, wamekula hapa. Sijalipa kitu juu yao. Sasa nakuuliza mapema, tusije tukagombana. Ni wa nani?"

Benta alikuwa ametoka jikoni, mwiko mkononi. Obare alikuwa ameacha kufunga mbuzi. Caleb aliweka jembe chini. Alijua anaulizwa nini, na alijua kwamba Ryoba, huko aliko, ameshika simu kwa mikono miwili.

"Ni wako," alisema.

"Nini? Sikusikii, mkwe. Inakatika. Rudia."

Caleb alisimama. Aligeukia upande wa ua, ambako kaka yake alikuwa akimwangalia kwa macho yote mawili, akainua sauti mpaka mbuzi wakashtuka.

"Nimesema aliyezaliwa kwako ni wako!"